Mwanga Unaokuja kwa Mkumbo

Mazungumzo haya, kuhusu mwanga wa joto na takwimu za fotoni zake, yaani vipande vya mwanga, niliyatoa Chake Chake, Pemba, mbele ya walimu na wanafunzi wa fizikia wa skuli za sekondari. Waliokosa boti, na waliokosa nafasi ukumbini, wameniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Picha nilizoonesha ukutani nimeziacha.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Maalim zangu, wazee mliokuja kunisikiliza ingawa mada yenyewe inatisha kwa jina lake tu, na nyinyi vijana mliobanana kule nyuma: ahsanteni. Nimeambiwa nina saa moja, na kwamba adhana ya alasiri haitanisubiri. Basi nianze.

Nani hapa ameshawahi kutoka usiku na wavuvi wa dagaa? Naona mikono ya Tumbe hiyo. Na Kojani, bila shaka, Kojani hawakosi. Nyinyi mnaijua hadithi hii kuliko mimi. Ni siku za giza, mwezi haupo. Chombo kinatia nanga, taa inawashwa. Siku hizi ni taa za betri, lakini mimi nilipokuwa mtoto ilikuwa karabai. Unaipiga pampu, mafuta ya taa yanapanda, na kile kifuko cheupe cha kitambaa kinawaka kama kipande cha jua kilichotiwa ndani ya chupa. Halafu mnangoja. Dakika nzima maji matupu. Dakika ya pili maji matupu. Ghafla maji yanachemka chini ya taa! Dagaa hawaji mmoja mmoja kama watu wanaopanga foleni benki. Dagaa wanakuja kwa mkumbo.

Mimi, mtoto wa miaka kumi, nimekaa karibu na babu yangu, natizama. Nikajiambia: bahari ina fujo, dagaa wana fujo, hata babu leo ana fujo, kitu kimoja tu kimetulia humu chomboni, nacho ni mwanga wa karabai.

Nilikosea. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kujua kwamba nilikosea. Mwanga wa karabai hautulii hata kidogo. Mwanga wa karabai nao unakuja kwa mkumbo. Hilo ndilo nililokuja kuwaeleza leo, pamoja na jinsi watu wa maabara wanavyoutengeneza mwanga wa namna hiyo kwa makusudi na kuushika hatamu.

Tuanze na jina. Mwanga wa joto ni mwanga unaotoka kwenye kitu kwa sababu tu kitu hicho ni cha moto. Jua. Mkaa wa jikoni. Utambi wa kibatari. Waya wa globu za zamani. Hakuna aliyeupanga mwanga huo. Atomu hii inatoa wimbi sasa hivi, ile inatoa baadaye, hazijuani, hazisikilizani.

Nilisoma habari hizi katika mazingira yaliyonifaa kweli kweli. Wenzetu wa Unguja hawajasahau umeme ulivyokatika Desemba 2009 ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu, ndugu zangu! Mimi wakati huo nasoma mjini. Jenereta za wenye uwezo zinanguruma usiku kucha, na sisi wengine tumerudi kwenye kibatari. Basi nimo chumbani, moshi unaniingia puani, nasoma kitabu kinachoeleza kwa nini moto hutoa rangi unazozitoa. Somo liko mezani, na mfano wake uko mezani pia, unanichafulia karatasi.

Kitabu kilinieleza habari ya Max Planck. Tarehe 14 Desemba 1900, mjini Berlin, alisimama mbele ya wenzake akatoa maelezo ya mwanga wa tanuri. Ili hesabu yake ikubali, alilazimika kusema kitu ambacho yeye mwenyewe hakukipenda: nishati haitolewi kama maji ya bomba, inatolewa kwa vipande. Sisi Wapemba hatuna haja ya kushangaa. Nani hapa hajauza karafuu kwa pishi? Chukua mnunuzi mkaidi anayesema: nanunua pishi moja, mbili, tatu, nusu pishi kaitie chai. Basi nishati ya mwanga ni hivyo hivyo, ila kila rangi ina pishi yake. Pishi ya rangi nyekundu ni ndogo, ya buluu ni kubwa. Mwaka 1905 Einstein akaenda mbele zaidi, akasema mwanga wenyewe unasafiri kwa vipande hivyo. Leo tunaviita fotoni, na elimu iliyozaliwa na vipande hivyo tunaiita nadharia ya kwanta.

Sasa nataka mfanye hesabu pamoja nami, maana hapa ndipo watu wengi wanaposhtuka. Watu wa fani hii wana neno modi. Modi moja ichukulieni kama mlango mmoja mwembamba: rangi moja, mwelekeo mmoja, kipande kimoja cha muda. Nauliza: uso wa jua una joto la kelvini 5800 hivi (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanza kuhesabu kwenye baridi ya mwisho kabisa). Tukisimama kwenye mlango mmoja wa mwanga wa kijani, wa nanomita 550, tutakuta fotoni ngapi? Elfu? Milioni? Hesabu ya Planck inajibu: kwa wastani, fotoni moja kila ukichungulia mara 90. Jua lote hili linalotuunguza migongo wakati wa kuanika karafuu! Na globu ya waya yenye kelvini 2800? Fotoni moja kila ukichungulia mara 11,000.

Jua linatuunguza kwa wingi wa milango, si kwa wingi wa fotoni katika kila mlango. Pishi ya kijani ni kubwa mno kwa mfuko wa jua. Kwenye mawimbi ya redio mambo yanageuka, kwa sababu pishi ni ndogo: katika joto la kawaida la chumba, modi moja ya gigahezi 10 ina fotoni zaidi ya 600. Ndiyo maana wanaojenga kompyuta za kwanta zenye saketi za umeme wanazipoza hadi karibu sehemu ya mia ya kelvini moja. Wanakimbia mwanga wa joto wa ukuta wao wenyewe.

Lakini wastani si kisa chote. Wastani hauambii kama wageni walikuja mmoja mmoja au walikuja basi zima. Kwa hilo tunamhitaji mtu wa Dhaka.

Satyendra Nath Bose alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Dhaka, ambayo leo ni mji mkuu wa Bangladesh. Mwaka 1924 alimwandikia Einstein barua, akamtumia makala yake fupi. Mwalimu asiye na jina huko Ulaya anamwandikia mtu maarufu kuliko wote! Einstein aliisoma, akaitafsiri kwa Kijerumani kwa mkono wake, akaipeleka ikachapishwa. Ndani yake kulikuwa na nini? Kulikuwa na namna mpya ya kuhesabu.

Hebu tuhesabu. Nina dagaa wawili na ndoo mbili. Narusha bila kutizama. Dagaa wa kwanza anaitwa Kombo, wa pili Hamadi. (Kuna kijana kule kacheka, jina lake bila shaka ni mojawapo.) Wote wawili ndoo ya kulia, hiyo moja. Wote ndoo ya kushoto, mbili. Kombo kulia na Hamadi kushoto, tatu. Hamadi kulia na Kombo kushoto, nne. Njia nne, na katika mbili wamo pamoja. Nusu kwa nusu. Sawa?

Sasa rusha fotoni. Fotoni hazina majina. Hakuna Kombo, hakuna Hamadi. Zile njia mbili za mwisho si mbili tena, ni moja: fotoni moja huku, fotoni moja kule, basi. Zimebaki njia tatu, na katika mbili kati ya hizo fotoni zimo pamoja. Theluthi mbili! Hakuna aliyezisukuma. Hazipendani. Ni kukosa majina tu, na tayari zimeanza kukaa mkumbo.

Wanaopenda mawimbi kuliko fotoni nina maelezo yenu pia. Tizameni mkondo wa Pemba upepo unapogeuka, mawimbi yanakuja kutoka kila upande. Mahala fulani yanakutana yote yamenyanyuka, chombo kinarushwa. Mahala pengine moja limenyanyuka na jingine limeshuka, panakuwa shwari. Mwanga wa joto ni bahari ya namna hiyo. Na kuna jambo lililoniweka macho usiku: ukipima nguvu ya modi moja tena na tena, kiwango kinachojitokeza mara nyingi kuliko vyote ni sifuri. Giza! Hata taa iwe kali vipi. Chukua mwanga wa joto wenye wastani wa fotoni 5 kila unapochungulia. Mara moja katika sita hukuti kitu. Mwanga wa leza wenye wastani huo huo wa 5 hukukosesha chini ya mara moja katika mia. Leza ni mvua ya rasharasha, haina mpango lakini haina makundi. Karabai ni maji ya kimya halafu dagaa.

Hapo ndipo mzee mmoja wa mstari wa mbele aliponikatiza, akauliza: kama mwanga unarukaruka hivyo, mbona mimi nasoma msahafu kwa kandili na sioni kuruka? Mzee wangu, umewashinda maprofesa wengi. Swali lako ndilo lililozua ugomvi wa mwaka 1956.

Walikuwapo mabwana wawili wanaofanya kazi Uingereza, Robert Hanbury Brown na Richard Twiss. Hanbury Brown alikuwa mtu wa rada na darubini za redio. Walichukua taa ya zebaki, wakaugawa mwanga wake kwa kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu, wakaweka kipokezi kila upande. Wakaona vipokezi viwili vinapandishana na kushushana pamoja. Pale kimoja kinapopata zaidi, na cha pili kinaelekea kupata zaidi. Mkumbo!

Wenzao wakawaka. Haiwezekani, walisema, fotoni moja itajuaje mwenzake anakwenda wapi? Kule Kanada, wanasayansi wawili, Brannen na Ferguson, walifanya jaribio lao wenyewe, wasione kitu, wakatangaza kwamba kama habari ya Hanbury Brown na Twiss ni kweli, basi nadharia ya kwanta inahitaji kufanyiwa marekebisho makubwa. Kisha akaja Edward Purcell wa Marekani, mwaka huo huo, akawatuliza wote kwa makala fupi. Nadharia ya kwanta haina tatizo, alisema, inautabiri mkumbo huo huo. Wa Kanada hawakuuona kwa sababu vyombo vyao havikuwa na uwezo wa kuuona.

Kwa nini? Mzee, jibu lako ni hili. Mkumbo mmoja wa mwanga wa jua unadumu femtosekunde chache tu. Femtosekunde ni sekunde moja uigawe kwa milioni, kisha jibu uligawe tena kwa bilioni. Na upana wake, jua likitizamwa kutoka hapa duniani, ni kama sehemu 60 za elfu za milimita, kama unywele. Jicho lako linakusanya mikumbo isiyohesabika kwa pamoja, kwa wakati na kwa upana, na mabonde yote yanafukiwa na milima. Unaona utulivu. Utulivu huo ni wa jicho lako, si wa mwanga.

Kabla sijaendelea, niwape kisa kimoja ambacho hakina shughuli kubwa na maabara, lakini sikiachi. Wale mabwana wawili hawakuishia kwenye taa ya zebaki. Walichukua vioo viwili vya taa kubwa za jeshi, zile za kumulika ndege usiku, wakavielekeza kwenye nyota ya Sirius. Waliosoma Suratu Najm wanaijua nyota hii, ndiyo Shi'ra. Wakapima vipokezi viwili vinavyopandishana vikiwa karibu karibu, kisha wakavitenganisha kidogo kidogo mpaka mkumbo ukapotea. Umbali ule wa kupotea ndio unaokwambia upana wa nyota. Walipata takriban sekunde 0.0063 za nyuzi (sekunde hii si ya saa, ni ya pembe: nyuzi moja uigawe kwa 3600). Mnataka kujua ni udogo gani? Ni kama mtu aweke sarafu ya sentimita mbili na nusu kule Ngazija, halafu wewe uipime upana wake ukiwa hapa Chake. Baadaye wakajenga chombo kikubwa Narrabri, Australia, vioo vya mita sita na nusu juu ya reli ya mviringo yenye kipenyo cha mita 188, wakapima nyota 32. Kwa mkumbo tu!

Turudi maabara. Tatizo sasa mmeliona. Tuna mwanga wenye tabia ya ajabu, na tabia yenyewe inapita upesi kuliko chombo cha kuipimia. Ufanye nini na dagaa wanaopita upesi kuliko wavu?

Mwaka 1964, miaka minne tu baada ya leza ya kwanza, Wajerumani wawili, Martienssen na Spiller, walitoa jibu ambalo mimi nalipenda kuliko vifaa vyote vya mamilioni. Chukua leza, yaani mwanga uliotulia kuliko yote. Ipitishe kwenye kioo kilichokwaruzwa kikawa kama kioo cha dirisha la choo. Kisha kizungushe kioo. Basi! Hakuna zaidi.

Kinatokea nini? Mwanga wa leza ukipita kwenye kioo cha mkwaruzo unavunjika vipande vingi, kila kipande kinachelewa kwa kadiri yake, na vikikutana ukutani vinatengeneza marakaraka: doa la mwanga, doa la giza, doa la mwanga. Ile bahari yenye mawimbi ya kila upande, ila imegandishwa. Ukikizungusha kioo, bahari inaanza kwenda. Mtu aliyesimama na kipokezi chake mahala pamoja anaona doa la mwanga linapita, kisha giza, kisha mwanga. Kwa kipokezi kile hakuna tofauti baina ya mwanga huu na mwanga wa nyota. Takwimu ni zile zile. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: mwendo wa mikumbo sasa uko mkononi mwako.

Nawapa hesabu za meza yangu mwenyewe. Leza nyekundu ya nanomita 633. Doa la leza juu ya kioo, sehemu ya kumi ya milimita. Kioo kinazunguka mara nne kwa sekunde, na doa liko sentimita nne kutoka katikati, kwa hiyo kioo kinapita mbele ya leza kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde. Gawa upana wa doa kwa mwendo: mkumbo mmoja unadumu maikrosekunde 100. Linganisha na femtosekunde za jua. Tumeurefusha makumi ya mabilioni ya mara, kwa kioo na mota! Unataka mkumbo mfupi? Zungusha zaidi, au lilenge doa liwe dogo. Unataka mrefu? Punguza mwendo. Na kila doa la marakaraka, ukisimama mita moja kutoka kwenye kioo, lina upana wa milimita sita hivi. Kipokezi chochote chembamba kuliko hapo kinaona mlango mmoja tu.

Mnadhani nilifanikiwa siku ya kwanza? Sikufanikiwa wiki ya kwanza. Sikufanikiwa mwezi wa kwanza.

Nilikuwa mwanafunzi, mbali na nyumbani, baridi ya kukata masikio. Ipo namba moja tunayoitafuta katika kazi hii. Mimi nyumbani huiita namba ya mkumbo. Inalinganisha mara ambazo fotoni mbili zimefika pamoja na mara ambazo zingefika pamoja kwa bahati tu. Leza inatoa 1. Mwanga wa joto wa modi moja unatoa 2. Chanzo kinachotoa fotoni moja moja kinatoa 0. Hicho ni kisa cha 1977, na tukikianza leo alasiri itatukuta hapa. Mimi nilikuwa natafuta 2. Nikapata 1.2.

Nikabadilisha leza. 1.2. Nikabadilisha waya. 1.2. Msimamizi wangu akapita, akauliza swali moja: kipokezi chako kina uso wa upana gani? Ndugu zangu, kipokezi changu kilikuwa kinakula madoa kama matano kwa mpigo. Milima na mabonde vimechanganyika, namna ile ile ya jicho la mzee wetu. Hesabu yake ni nyepesi, hata kidato cha pili wataiweza: ukikusanya milango tano, namba ya mkumbo ni 1 kujumlisha moja ya tano. Yaani 1.2! Chombo kilikuwa kinasema kweli siku zote. Nikatia tundu jembamba mbele ya kipokezi, namba ikapanda hadi 1.9 na ushee. Nilitamani kupiga vigelegele lakini kule hawavijui.

Kosa la pili ni la aibu zaidi. Mota ya kuzungushia kioo niliitoa kwenye cherehani kuukuu niliyoinunua soko la mitumba. Inafanya kazi vizuri, sina malalamiko. Nikachora mchoro wa mikumbo dhidi ya muda, nikaona kilele pale pale kwenye sifuri kama inavyotakiwa. Halafu nikaona kilele cha pili, robo sekunde baadaye. Na cha tatu, robo sekunde nyingine. Kumbukumbu ya mwanga! Usiku ule sikulala, nimeshaanza kuandika kichwa cha makala. Asubuhi ndipo akili ikarudi: kioo kinazunguka mara ngapi kwa sekunde? Mara nne. Kila robo sekunde mikwaruzo ile ile inarudi mbele ya leza, na marakaraka yale yale yanarudi ukutani. Niligundua gurudumu.

Dawa yake ni kupima kwa muda mfupi kuliko mzunguko mmoja, au kukisogeza kioo pembeni pole pole kinapozunguka ili njia isijirudie. Siku hizi wengine hawatumii kioo kabisa. Wanatumia kipande kilichojaa vioo vidogo vidogo vya kugeuzwa kwa kompyuta, jamii ya vile vilivyomo ndani ya projekta. Unaandika programu ya fujo unayoitaka. Ni kizuri, lakini vioo vile vina mwendo wake wa mwisho, na bei yake siisemi mbele ya mhasibu wa skuli.

Na kuna mtego mwingine, ambao wanafunzi wangu wanaingia kila mwaka. Kipokezi cha fotoni moja kikishapiga, mara nyingine kinapiga tena chenyewe, bila fotoni, kama mtu anayepiga chafya ya pili. Ukitumia kipokezi kimoja utaona mkumbo hata pale usipokuwapo. Ndiyo maana tunarudi kwenye mpango wa mwaka 1956: kioo cha nusu kwa nusu, vipokezi viwili, na unahesabu tu zile zilizofika huku na kule kwa pamoja. Chafya ya kipokezi cha kushoto haimpigishi chafya wa kulia.

Mtauliza, na mna haki ya kuuliza: kazi gani? Kwa nini mtu atoe jasho kutengeneza fujo wakati leza iliyotulia anayo?

Moja nitaipita mbio. Anayetengeneza chombo kipya cha kwanta anataka kukijaribu kwa mwanga ambao jibu lake linajulikana. Leza 1, joto 2. Kama mizani ya duka, unaanza na jiwe unalolijua uzito.

Ya pili nataka kukaa nayo kidogo. Mwaka 1995 kundi la Yanhua Shih kule Maryland, Marekani, lilitumia fotoni pacha, yaani mbili zilizozaliwa pamoja, kupiga picha ya namna ya ajabu. Fotoni moja inapita kwenye kitu chenye umbo, na nyuma yake kuna kipokezi kisichoona umbo, kinachosema tu imefika au haijafika. Pacha wake anakwenda upande mwingine, hakigusi kitu, na ndiye anayepimwa amefikia wapi. Kila upande peke yake hauna picha. Unganisha hesabu za pande mbili, picha inatokea. Watu wakasema hili ni la fotoni pacha tu. Miaka kumi baadaye, 2005, ikaoneshwa kuwa mwanga wa joto nao unaweza, kwa leza na kioo kinachozunguka, kama cha mezani kwangu. Picha inatoka na ukungu zaidi nyuma yake, lakini inatoka. Marakaraka yale yale yanapelekwa pande mbili kwa kioo cha nusu kwa nusu, na mkumbo ndio unaounganisha. Ubishi kuhusu nini hasa hapo ni cha kwanta na nini si cha kwanta ulikuwa mkali. Mimi naona fotoni pacha bado zina yao ambayo karabai haina. Na tena, jambo la kuchekesha: chukua pacha wawili wa namna ile, mfiche mmoja, mtizame aliyebaki peke yake katika modi yake. Unajua ana tabia gani? Ya mwanga wa joto. Namba 2, mkumbo kamili, bila ya moto wowote. Ukiificha nusu ya khabari, nusu iliyobaki inaonekana kama karabai.

Naona maalim ananionesha saa. Ahsante maalim, namalizia kwa vitendo.

Hapa mkononi nina leza ya kuelekezea ubaoni, nimeinunua Darajani. Vijana, hii hailengwi kwenye jicho la mtu, wala la paka. Na hii ni karatasi iliyofungiwa mandazi asubuhi. Imeroa mafuta, mwanga unapita. Nimeibandika juu ya feni ndogo ya betri. Leza itapita kwenye karatasi, na mtaona marakaraka mekundu kwenye ukuta ule mweupe. Kwanza feni imesimama. Yatizameni yalivyoganda, kisha sogezeni vichwa vyenu kulia na kushoto muone yanavyowafuata. Halafu nitaisukuma feni kwa kidole pole pole, na kila mmoja wenu achague nukta moja ukutani asiiachie, ahesabu kimoyomoyo mara ngapi nukta yake imewaka na mara ngapi imezimika. Mwisho nitaiwasha feni kabisa, na marakaraka yote yatapotea mbele ya macho yenu, ukuta utakuwa mwekundu shwari kama karabai ya babu. Wa mstari wa nyuma sogeeni mbele. Maalim, nakuomba uzime taa.